Ndafu wa harusini na vitambi vyetu

Mitihani imeisha, kichwa kimetulia kidogo, sasa tuongee.

Jumamosi nilikuwa harusini Mbagala Rangi Tatu. Si mnaujua ule wakati MC anapotangaza ndafu anaingia? Muziki juu, vigelegele, mbuzi mzima kabebwa na majani mdomoni. Kaka mmoja mezani kwetu, kitambi chake kimeshafika mezani kabla ya sahani, akajipigapiga tumbo: "Wadogo zangu, huu ndio uanaume!" Watu wakacheka. Mimi nikamwangalia yule ndafu, nikasema moyoni laiti angeweza kuongea.

Kwani ndafu ni nani? Kwa Kiswahili cha asili ni dume aliyehasiwa akanona. Wafugaji walilijua hili kabla ya sisi kukaririshwa homoni darasani hapa Chang'ombe. Beberu mzima kutwa anapigana na kukimbiza majike. Ukimhasi, testosteroni inayotengenezwa korodanini inakwisha, anatulia, misuli inakua taratibu na mafuta yanajaa. Ng'ombe maksai naye ni hivyo hivyo.

Na msidhani ni ulafi tu. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya panya dume ambao miili yao ilishindwa kuipokea homoni hiyo. Walipokua wakanenepa, ingawa hawakula kuliko wenzao! Walijisogeza kidogo, walitumia oksijeni kidogo, na mafuta yao hayakuvunjwa vizuri. Yaani mkaa unaletwa ule ule ila moto umepunguzwa, lazima stoo ijae.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na mtaa. Mtu akisikia hivyo anarukia: "Kumbe kitambi changu ni upungufu wa nguvu za kiume, ngoja nikatafute dawa." Anakwenda kwa wauza unga wa kwenye vichupa ambao hata muuzaji hajui kilichomo. Vijana wengine wa jimu nao wanatamani sindano. Jamani, hapana!

Mbuzi kanona kwa sababu kahasiwa. Sisi wengi ni kinyume chake, tunajihasi polepole kwa kunona. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na unene wa kupindukia hupunguza amri ambayo ubongo unaituma korodanini. Homoni ikishuka, mafuta yanaongezeka, na mafuta yakiongezeka homoni inashuka tena. Mduara huo unakupeleka taratibu kwenye kisukari.

Habari njema ni kwamba mduara unakatika. Mtu mnene akipungua uzito, mara nyingi testosteroni yake inapanda yenyewe. Ila sindano bila daktari ina mtego: ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje, unaziambia korodani zipumzike, na mbegu zinapungua. Unatafuta uanaume, unapoteza uzazi. Wapo wenye upungufu wa kweli, sikatai, lakini hao hugunduliwa kwa kupimwa damu asubuhi, tena zaidi ya mara moja, siyo kwa kuangaliwa tumbo na muuza vichupa.

Hoja yangu kwetu walimu watarajiwa ni hii: tukifika madarasani, tusiishie kuchora tezi ubaoni. Tuwaambie watoto habari za ndafu. Mvulana atakayeelewa kwa nini mbuzi yule alinona hatadanganywa kirahisi akiwa na miaka thelathini, na hatamcheka mwenzake mnene wala kumsifia kitambi.

Yule kaka sikumwambia kitu, harusi ya watu ile. Ila tulipotoka nilimwomba tutembee mpaka kituoni badala ya kupanda bodaboda. Alilalamika njia nzima, lakini alifika.

Naomba kutoa hoja.