Msimlipie Kaka Masaa Yote kwa Mkupuo

Najua nilipotea. Matesti yalinibana wiki mbili mfululizo, na nilipomaliza tu nikaitwa nyumbani kwenye kikao cha ukoo. Kikao chenyewe ndicho kimenifanya niandike leo, maana nimerudi chuo nikiwa nimenuniwa na nusu ya familia.

Iko hivi. Kaka yangu, mtoto wa ba'mkubwa, ana leseni ya urubani binafsi, ile wanayoita PPL. Aliipata Nairobi pale Wilson. Logibuku yake, yaani kile kitabu rubani anachoandika kila safari aliyoruka, ina masaa 58. Sasa PPL haikupi mshahara. Ili ulipwe kwa kurusha ndege unatakiwa uwe na leseni ya biashara, CPL, na kiwango cha kimataifa cha ICAO ni masaa 200, au 150 kama umesoma mwanzo mwisho kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kaka hakupitia kozi ya namna hiyo, kwa hiyo amebakiza masaa 142. Anataka kwenda kuyatafuta nje. Shule aliyoipata iko Afrika Kusini, na wakala wao amemwambia akilipia masaa yote sasa hivi anapewa punguzo la asilimia 15. Ba'mkubwa ameshapata mteja wa kiwanja cha Kibaha.

Mimi nikasema hapana. Ukumbi mzima ukanigeukia. Shangazi akaniuliza, "Wewe unayesomea ualimu, mambo ya ndege umeyajulia wapi?"

Swali zuri tu. Ndege siwezi kurusha. Lakini hiki tunachotaka kukinunua ni elimu, na mambo ya shule ndiyo ninayosomea. Msimamo wangu ni kwamba sio vibaya kaka kwenda nje. Kibaya ni kununua masaa kama mtu anayenunua magunia ya mahindi, kwa idadi, tena mzigo wote hujauona. Shule ya kukusanyia masaa ichaguliwe kwa kuangalia saa moja moja: itahesabika? Itarukwa kweli? Na nikiondoka kesho, hela ya saa ambayo sijairuka iko kwa nani?

Tuanze na kuhesabika. Wenzangu wa ualimu mnakumbuka BTP. Kuna mtu anarudi na faili lina maandalio ya masomo arobaini, kumbe nusu ya vipindi alikaa nyuma ya darasa akisahihisha madaftari ya mwalimu mwenyeji. Kwenye karatasi ana vipindi arobaini, lakini mpe Form Two peke yake uone. Kwenye urubani wameliona hilo zamani. Yale masaa 200 ya ICAO yamegawanywa: 100 uwe umeruka kama rubani kiongozi, na ndani yake angalau 20 ziwe safari za kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, ikiwemo safari moja isiyopungua kilometa 540 ambayo ndani yake umetua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa hiyo ukilipia masaa mia ya kuzunguka uwanja uleule, unaweza kumaliza hela na bado ukawa na pengo.

Kuna mtego mwingine, hasa Marekani. Kule sheria inaruhusu marubani wawili kwenye ndege moja kuandika wote muda uleule kama rubani kiongozi, pale mmoja anapofanya mazoezi ya kuruka kwa kutazama vyombo tu akiwa amezibwa macho ya nje, na mwenzake akawa mlinzi wa usalama. Kwa Mmarekani ni sawa kabisa na inapunguza gharama. Lakini kaka leseni yake ya kazi anataka itambuliwe hapa Tanzania, na mwenye neno la mwisho hapa ni TCAA. Sasa kabla hujalipa nusu bei kwa masaa ya kugawana, si uende kwanza TCAA ukaulize kwa barua kama wanayakubali? Nauli ya daladala ni ndogo kuliko hasara ya masaa hamsini. Nilipomuuliza kaka kama ameshaenda TCAA akasema wakala amemhakikishia. Jamani, wakala anauza!

Na tusidanganyike kwamba namba yenyewe ndiyo urubani. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Nahodha alikuwa na masaa 3,379 na msaidizi wake 2,244. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilipotoa onyo kuwa mwendo umeshuka mno, nahodha alivuta usukani badala ya kuusukuma. Baada ya hapo Marekani ikapandisha kiwango cha marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria kutoka 250 hadi 1,500, ikaanza kutumika 2013, na mpaka leo watu wanabishana kama dawa ilikuwa ni masaa mengi au masaa yenye mafunzo. Mimi kama mwalimu mtarajiwa mnajua nitasimama upande gani.

Haya, swali la pili, itarukwa kweli? Picha za shule zina ndege kumi zimepangwa kwenye mstari zinang'aa. Swali la kuuliza ni ngapi zinaruka wiki hii na wanafunzi wako wangapi. Ndege ya shule kwa kawaida inaingia karakana kwa ukaguzi kila baada ya masaa 100. Chukua hesabu ya shule ya msingi: wanafunzi kumi, kila mmoja anataka masaa matano kwa wiki, ndege moja. Hayo ni masaa 50. Kila wiki mbili ndege iko karakana, na hapo sijaweka mvua, tairi, wala spea inayosubiriwa. Mwanafunzi aliyekaa hosteli bila kuruka bado analipa kodi na anakula. Na mkono wa rubani mchanga ukikaa unasahau, anarudia kitu alichokwisha kulipia.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya bei. Kwenye nyanda za juu za Johannesburg, mvua za radi za mchana ni za majira yao ya joto, na anga safi kavu ni kuanzia Mei hadi Agosti. Cape Town ni kinyume chake, mvua zao ni za majira ya baridi. Florida mchana wa kiangazi ni radi, na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kaka alikuwa anataka kwenda Johannesburg Desemba kwa sababu ndio hela ya kiwanja itakuwa imeingia. Hakuna aliyemwambia.

Hapo hapo niseme kitu kizuri kuhusu chaguo lake. Uwanja wa Rand pale Johannesburg uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kama Wilson tu. Hewa nyembamba na joto vinafanya ndege ndogo ihitaji barabara ndefu na ipande kwa shida. Marubani wetu wengi kazi ya kwanza ni kwenye Cessna Caravan za watalii, na uwanja wa Seronera, Serengeti, uko zaidi ya mita 1,500. Saa iliyorukwa kwenye mazingira ya namna hiyo itamsaidia kuliko saa ya ufukweni Florida. Kwa hiyo nchi sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye swali la tatu, hela. Mwaka 2008 Silver State Helicopters ya Marekani, shule kubwa kabisa ya helikopta, ilifungwa ghafla mwezi Februari, ikaacha zaidi ya wanafunzi 2,000 njia panda, wengi wakiwa na mikopo waliyokwisha kuilipa shule mapema. Ukisema ni mambo ya zamani, mwaka 2023 Uingereza shule mbili zilizokuwa na jina, Tayside Aviation ya Dundee na FTA Global ya Shoreham, zilifungwa mwaka mmoja. Hizi zote zilikuwa shule za kweli, zenye ndege na walimu. Shule ya kweli pia inafilisika, na ikifilisika wewe uliyelipa mapema unapanga foleni nyuma ya benki. Kama hilo linatokea Uingereza, mtu wa Kibaha ataidai vipi shule iliyoko nchi nyingine, tena bila wakili?

Na hata kabla ya kufilisika, soma mkataba unavyohesabu saa. Ndege nyingi zina mita mbili. Ile ya Hobbs mara nyingi inaanza kuhesabu injini ikiwaka tu. Nyingine inafuata mizunguko ya injini, kwa hiyo ukiwa chini unasubiri inakwenda polepole. Ukisubiri ruhusa ya kuondoka dakika kumi na tano, Hobbs inakula hela yako. Uliza unalipishwa kwa mita ipi, na kama bei ina mafuta ndani au unaongezewa baadaye. Tuseme saa ni dola 150. Masaa 142 ni dola 21,300, na asilimia 15 yake ni dola 3,195. Hilo ndilo punguzo tunaloweka kiwanja rehani! Mafuta yakiwa nje ya bei, linaweza kuyeyuka lote.

Sasa nimtendee haki ba'mkubwa, maana hoja yake ndiyo iliyonikamata. Alisema, "Mwanangu, hela ikikaa hapa nyumbani haitafika. Kesho msiba, keshokutwa mtoto wa fulani amefukuzwa ada, harusi. Bora iende yote ijulikane imekwenda." Wadau, hapo nilinyamaza. Ni kweli tupu. Sisi wenyewe bumu likiingia tunajua linavyoondoka. Lakini dawa ya ndugu waombaji sio kumkabidhi mgeni hela yote. Nilipendekeza ifunguliwe akaunti ya watu wawili kusaini, ba'mkubwa na shangazi, na inatoka kwa risiti ya shule tu. Shangazi hapo akaanza kunisikiliza kidogo, nadhani ni kwa sababu ya kutajwa.

Na kwa nini nje kabisa? Nimeuliza. Petroli ya ndege ndogo haipatikani kila uwanja kwetu na ndege za kukodi ni chache. Wilson zipo shule, na Soroti kule Uganda kuna chuo cha marubani tangu 1971, enzi za Jumuiya ya kwanza. Ningependa kaka alinganishe bei zao kwanza, nauli na hosteli zikiwemo, ndio aseme nje ni nafuu.

Nilichomwandikia kaka kwenye karatasi ni hiki. Nenda TCAA na logibuku yako, wakwambie umepungukiwa na masaa gani hasa. Iulize shule ikujibu kwa maandishi: kibali gani cha kuingilia nchini, maana matembezi sio masomo, ndege ngapi zinaruka, mita ipi, na nikiondoka nikiwa nimeruka masaa 30 narudishiwa nini, baada ya siku ngapi. Tafuta mwanafunzi aliyepo pale sasa hivi, ambaye wakala hakukupa namba yake, umuulize wiki iliyopita aliruka mara ngapi. Halafu lipia masaa kumi. Yakienda vizuri, lipia mengine kumi. Shule nzuri ni ile unayoweza kuiaga siku yoyote bila kuiachia hela.

Kaka hajanijibu tangu Jumamosi. Namwelewa. Ana miaka 26, wenzake aliosoma nao Wilson wengine wameshavaa mabega ya dhahabu, na mimi naonekana ninamzibia. Lakini kiwanja kikishauzwa hakirudi, na kile ndicho ba'mkubwa alichonunua kwa kiinua mgongo chake.

Kikao kingine ni Jumapili hii. Mteja wa kiwanja anataka jibu Jumatatu. Mwenye ndugu rubani aniambie nimekosea wapi kabla sijapanda gari la Kibaha. Kwa leo naishia hapa, nina kipindi cha saikolojia ya elimu saa mbili asubuhi.