Meza ya Kukatia Nguo: Anza na Kimo Chako



Pwani tumezoea kutandika mkeka, kukunjua kitambaa na kukata papo hapo chini. Kwa nguo moja ya Idd, halina neno. Lakini wenzetu waliohamia Eldoret kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa, na wakageuza chumba kimoja cha nyumba kuwa cha kushonea, wana hesabu nyingine. Mji ule uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Sakafu yake ya saruji ni ya baridi, na anayeiinamia kutwa nzima, ukifika msimu wa sare za shule au kumi la mwisho la Ramadhani, huinuka ameshika kiuno.

Madhara hayaishii mgongoni. Aliyepiga magoti huvuta kitambaa bila kujua. Chaki hupinda, na mkasi hufuata chaki. Kitambaa cha mteja ni amana. Mshono uliokosewa hufumuliwa ukarudiwa, bali kilichokwisha kukatwa hakiungiki kikawa kama kilivyokuwa. Ndiyo maana meza ya kukatia yastahili kufikiriwa kabla ya cherehani ya pili.

Jambo la kwanza ni kimo. Simama wima, ukiwa na viatu unavyovaa kazini, ukunje mkono, na mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Ondoa sentimita 5 hadi 10; hicho ndicho kimo cha meza yako. Ikiwa kiwiko kiko sentimita 102, meza iwe kati ya 92 na 97. Meza ya kulia chakula huwa na takriban sentimita 75, na hiyo ndiyo sababu huuma mgongo ikitumiwa kukatia. Ikiwa mama na binti watashirikiana, meza ifuate kimo cha aliye mrefu, na aliye mfupi awekewe ubao imara wa kukanyagia.

La pili ni upana na urefu. Eldoret ni mji wenye historia ya nguo: kiwanda cha Rivatex kipo tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Hata hivyo, jora litoke kiwandani au duka la Mombasa, mapana yaliyozoeleka ni sentimita 115 na 150. Kitambaa cha 150 kikikunjwa mara mbili huwa 75. Meza inayoegemea ukuta isizidi upana huo, ili mkono ufike upande wa pili bila ya kulala juu yake. Inayozungukwa pande zote yaweza kufika 90 au zaidi. Urefu nao uwe sentimita 180, kwani buibui kutoka begani hadi kifundoni hukaribia mita moja na nusu, na chaki na rula zahitaji pahala.

Kwa mbao, wakaazi wa Eldoret wana neema. Nyanda zile za juu zina mashamba ya misaipresi na misindano, na mafundi seremala si haba. Sharti ni moja: mbao za miguu ziwe zimekauka. Mbao mbichi ni nzito, huwa na ubaridi mkononi, na baada ya miezi michache hupinda, meza ikaanza kuyumba. Kwa uso wa meza, bao moja la plaiwudi la milimita 18 huuzwa likiwa na sentimita 122 kwa 244. Mwambie fundi akate 90 kwa 180, na masalio yafanywe rafu ya chini ya kuwekea majora. Pembe ziviringwe, na uso upigwe msasa hata satini au shifoni isinase popote.

Chumba kikiwa kidogo, agiza mbawa za kukunja zenye bawaba, lakini kila ubawa uwe na mguu wake. Meza ya magurudumu isiyo na breki hukimbia mkasi unaposukuma. Asiye na uwezo kwa sasa aweza kuinua meza aliyo nayo kwa vigogo vinne vya mbao, vilivyochimbwa vishimo ambamo miguu huingia na kutulia.

Mahali pa kuiweka napo pana uzito. Kwa anayekata kwa mkono wa kulia, dirisha liwe kushotoni, kivuli cha mkono kisifunike mstari wa chaki. Alasiri za mvua kule juu zina giza mapema. Usipige pasi juu ya vanishi. Mkasi na pini vikae katika mtoto wa meza wenye kufuli, kwani mikono midogo hufika pasipotarajiwa.

Kabla ya kumlipa fundi, egemea pembe moja kwa viganja viwili. Ikitikisika, irudishe angali ana nyundo mkononi.

Mwenyezi Mungu atie baraka katika kazi za mikono yenu. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.