Siku Kumi za Umra: Tusizimalize Ndani ya Basi

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu Waislamu, miongoni mwa neema ambazo Allah (S.W.) ametujaalia katika zama hizi ni wepesi wa safari ya Umra. Wazee wetu walikwenda kwa majahazi na meli, wakaaga watu wao kama waendao kufa. Leo mtu huondoka Dar es Salaam au Mombasa, na kabla ya siku mbili kupita anaitazama Al-Kaaba kwa macho yake. Hata masafa kati ya Makka na Madina, yapatayo kilomita 450, hukatwa kwa muda usiofika saa tatu na treni ya Haramain iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2018.

Lakini wepesi huu umekuja na mtihani wake. Safari imekuwa fupi, na kadiri inavyofupishwa ndivyo ratiba inavyojazwa. Katika siku kumi, mbili humalizwa na ndege na viwanja vyake. Zinabaki nane. Na katika hizo nane, msafiri hupewa orodha ndefu ya mahali pa kuzuru: Uhud, Qiblatayn, misikiti ya Khandaq, Quba, shamba la tende, pango la Hira, jabali la Thawr, Arafa, Muzdalifa, Mina na soko. Mtu aliyeuza kiwanja, au aliyeweka akiba kwa miaka kumi, hurudi nyumbani na simu iliyojaa picha, lakini ukimuuliza ni swala ngapi alizowahi na jamaa katika Haram, huanza kuhesabu kwa vidole na kusitasita.

Hoja ya makala hii ni moja. Siku chache zinahitaji mizani, na mizani hiyo ameshatuwekea Mtume (s.a.w.). Si umaarufu wa mahali unaopaswa kutupangia safari, wala si mazoea ya mawakala.

Mafungu matatu ya mahali

Mahali panapozuriwa katika miji miwili mitukufu ni mafungu matatu, na kuyachanganya ndiko kunakotuponza.

Fungu la kwanza ni mahali ambapo sheria imetaja fadhila yake. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa haifungwi safari ya ibada isipokuwa kwenda katika misikiti mitatu: Masjid al-Haram, msikiti wake wa Madina, na Masjid al-Aqsa. Amefundisha pia kuwa swala moja katika msikiti wake ni bora kuliko swala elfu moja penginepo, isipokuwa Masjid al-Haram. Na kwa aliyeko Madina, imesuniwa aende Quba, na awazuru watu wa Baqii na mashahidi wa Uhud.

Fungu la pili ni mahali pa ibra. Hapana swala maalumu wala dua maalumu mahali hapo, lakini pana historia ya Uislamu inayomzindua mwenye kuzingatia. Fungu la tatu ni mapumziko na mahitaji ya halali: soko, chakula, zawadi za watoto.

Ratiba nyingi za leo zimeyapindua mafungu haya. Lile la tatu hupewa saa, la pili hupewa dakika, na la kwanza huachiwa kilichobaki. Basi huondoka baada ya swala ya Alfajiri, husimama Uhud kwa muda wa kupiga picha, hupita Qiblatayn na Khandaq, husimama kwa kitambo katika shamba la tende, kisha hukimbizana na adhana ya Adhuhuri. Pengine adhana huwakuta njiani, na swala ya elfu ikawa ya moja, tena ya mtu aliyechoka.

Madina: panapojaa na palipo tulivu

Kila mgeni wa Madina hutamani Rawdha, na ni haki yake, kwani Mtume (s.a.w.) ameitaja kuwa ni bustani miongoni mwa bustani za Peponi. Siku hizi kuingia huko kunahitaji kibali kinachoombwa kwa programu ya Nusuk, na akina mama wana saa zao. Basi jambo hili lishughulikiwe mapema, kabla ya kufika Madina, na asiyejua kutumia simu asaidiwe na kiongozi wa msafara. Aliyekosa nafasi asikate tamaa wala asisukumane na watu. Fadhila ya swala elfu imo katika msikiti mzima.

Quba ni wa pili kwa umaarufu, lakini hupitiwa kwa haraka mno. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, kwa miguu au juu ya kipando, na kwamba anayejitwaharisha nyumbani kwake kisha akaenda kuswali huko hupata ujira kama wa Umra. Jumamosi ikiangukia katika siku zenu za Madina, msiiunganishe na vituo vingine vitano. Jitwaharisheni hotelini, kisha mwendee kwa utulivu. Kutoka Masjid Nabawi ni mwendo wa kilomita tatu na kidogo, na ipo njia ya waendao kwa miguu. Mwenye afya hufika kwa muda usiofika saa moja, akiwa anamdhukuru Mola wake. Mzee na mgonjwa wapande gari. Sunna imetaja yote mawili.

Baqii iko jirani kabisa na msikiti, na bado wapo waliokaa Madina siku nne wasiingie. Milango hufunguliwa kwa wanaume baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Humo wamelala Masahaba wengi, akiwemo Uthman bin Affan (r.a.). Hakuna jengo wala pambo. Ziara yake ni salamu kwa wafu, dua kwa ajili yao, na kukumbuka Akhera. Hatuwaombi wao, tunawaombea.

Uhud nayo ipewe asubuhi yake. Mwalimu awasimamishe watu mbele ya kile kilima kidogo cha warusha mishale, awaeleze jinsi wapiga mishale hamsini walivyowekwa hapo mwaka wa 3 Hijria chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), na jinsi wengi wao walivyoteremka kufuata ngawira baada ya kuamrishwa wasibanduke. Mashahidi sabini, akiwemo Hamza na Mus'ab bin Umayr (r.a.), wamezikwa jirani na hapo. Anayelisikia somo hilo akiwa mahali penyewe halisahau, na anayepitishwa kwa robo saa hurudi na picha ya mlima.

Ipo pia neema iliyo tulivu kuliko zote, nayo ni vikao vya elimu ndani ya Masjid Nabawi na maktaba yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kimesomesha vijana wetu wengi wa Afrika Mashariki. Msafara ukimpata mwanafunzi mmoja wa huko akawafasiria darsa moja tu baada ya Magharibi, hilo ni bora kuliko vituo vitano vya basi.

Na kwa anayetaka ibra ya karibu na zama zetu, kipo kituo cha kale cha reli ya Hijaz, ambacho watalii wachache hukifikia. Reli hiyo ilifika Madina kutoka Damascus mwaka 1908, na sehemu ya gharama yake ilitokana na michango ya Waislamu wa nchi mbalimbali. Haikudumu muongo mmoja ila ikaharibiwa na vita. Nusu saa mbele ya kituo hicho yatosha kumfanya Muislamu autafakari umoja wetu na mgawanyiko wetu.

Hudaybiya, mahali pasipo na foleni

Makka, msongamano uko Jabal Nur, lilipo pango la Hira. Hatukanushi utukufu wa tukio lililotokea pale. Lakini Mtume (s.a.w.) baada ya kupewa utume hakulifanya pango lile kuwa mahali pa kwenda kuabudu, wala Masahaba hawakufanya hivyo. Kupanda kwake ni kazi ya saa nzima au zaidi kwa asiyezoea, na tunaona wazee wenye maradhi ya moyo wakisukumwa juu kwa itikadi kuwa Umra yao haijatimia bila Hira. Itikadi hiyo haina msingi. Tangu mwaka 2023 pamefunguliwa chini ya mlima huo kituo chenye maonesho ya historia ya Wahyi. Anayetaka kujifunza atajifunza bila kuhatarisha nafsi yake.

Wachache huuliza habari za Hudaybiya, iliyo kando ya barabara ya kale ya kwenda Jeddah. Hapo, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) na Masahaba wapatao 1,400 walizuiwa wasiingie Makka, nao walikuwa wamevaa ihramu kwa ajili ya Umra. Walichinja na kunyoa hapo hapo, wakarudi Madina na majonzi, na Allah (S.W.) akauita mkataba ule kuwa ni ushindi ulio wazi. Anayekwenda Umra leo kwa viza na tiketi yafaa ajue kuwa wabora wa umma huu waliwahi kurudishwa mlangoni, wakatii.

Chini ya mti wa hapo ndipo palipofanyika Bay'at Ridhwan. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kuwa waliporudi mwaka uliofuata, hawakupatikana wawili waliokubaliana ni mti upi, na akaona kuwa hiyo ilikuwa rehema. Na imepokewa kuwa Umar (r.a.) alipoona watu wanauendea mti waliodhani ndio wenyewe, aliamuru ukatwe. Walioshuhudia tukio wenyewe hawakuhifadhi alama yake. Walihifadhi ahadi waliyoitoa.

Majibu kwa pande mbili

Wapo watakaosema: mnawanyima watu baraka. Tunajibu kuwa baraka hujulikana kwa dalili. Wengi wamefungwa siku nane Madina kwa sababu ya riwaya ya swala arubaini, na wanaokosa hata moja huona safari imeharibika. Ilhali riwaya hiyo imedhoofishwa na wanachuoni wa hadithi, akiwemo Sheikh Al-Albani. Mwenye siku tatu Madina, akiswali swala zake zote kumi na tano msikitini, hajapungukiwa na kitu.

Na wapo katika safu zetu wenyewe wanaosema: kaeni Haram, msitoke kabisa. Hawa nao wamepita mpaka. Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame hatima ya waliotutangulia. Kosa halimo katika kutazama. Kosa ni kukifanya kisichokuwa ibada kuwa ibada, au kuiacha ibada kwa ajili ya kutazama.

Tunayopendekeza

Kwanza, kabla ya kulipa, muulizeni wakala ratiba ya maandishi, siku kwa siku na saa kwa saa. Pili, ziara isizidi moja kwa siku, na wote wawe wamerejea Haram kabla ya adhana. Tatu, msafara uwe na mwalimu na si mwenye kipaza sauti tu. Nne, iachwe walau siku moja nzima isiyo na basi, ili mtu abaki na Mola wake, na mwenye uchovu apumzike. Tano, kila msikiti unaotoa wasafiri uwaandalie darsa tatu za jioni kabla ya kuondoka: ya hukumu za Umra, ya adabu za Madina, na ya historia ya mahali watakapopaona.

Maimamu wasingoje msafara urudi ndipo waanze kusahihisha. Wengi wa waumini wetu watakwenda safari hii mara moja tu katika umri wao, na siku iliyopotea huko hailipiwi kadha.

Tunamuomba Allah (S.W.) awatakabalie waliokwenda, awafikishe wenye kutamani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia neno wakafuata lililo bora.

Wabillahi tawfiq.