Mvule wa shambani uwe mali ya aliyeulea

Msafiri anayetoka Muheza mjini kwenda Amani huanza kuiona mivule kabla barabara haijaanza kupinda na kukwea mlima. Imesimama mmoja mmoja juu ya michungwa na minazi, shina limenyooka bila tawi hadi juu sana, kisha kichwa kinatanda. Mingi kati ya hiyo haikupandwa na mtu. Ilibakizwa msitu ulipofyekwa, au iliota yenyewe kutokana na mbegu iliyodondoshwa na popo, na mwenye shamba, siku ya palizi, akaona mche akaupisha. Uamuzi huo wa mtu mwenye jembe mkononi ndio uliouacha mti hai. Na mtu huyo ndiye ambaye taratibu za misitu za Tanzania bado hazijamtendea haki.

Mvule, ambao wataalamu huuita Milicia excelsa na vitabu vya zamani viliuandika Chlorophora excelsa, umeenea Afrika ya joto kutoka pwani ya Guinea hadi Msumbiji. Afrika Magharibi wanaujua kwa jina la iroko. Ni wa ukoo mmoja na mfenesi, mkuyu na mforosadi, na udugu huo hujionyesha mara gome linapokwaruzwa: hutoka utomvu mweupe unaonata. Mti uliokomaa waweza kufika mita 50 kwenda juu na kipenyo kinachozidi mita 2. Kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki matawi matupu kwa muda, kisha huchipua upya na kutoa maua.

Maua ya mvule hayapambi mtu meza. Hayana petali za rangi, na wengi waliokulia chini ya mti huu hawajawahi kuyatazama. Lakini ndiyo yenye siri kubwa ya maisha yake. Kama mpapai, mvule una miti dume na miti jike. Dume huning'iniza vishada vyembamba vyeupe, virefu kama kidole na kuzidi, vinavyomwaga chavua. Jike hutoa kishada kifupi, kinene, cha kijani, ambacho baadaye hugeuka tunda laini lenye mikunjo, linalofanana na forosadi isiyoiva. Anayebeba chavua kutoka dume hadi jike ni upepo. Maana yake, jike lililoachwa peke yake, mbali na dume lolote, laweza kusimama miaka mingi lisiache uzao wa maana. Kadhalika, kijiji chenye madume matano makubwa bila jike hata moja hakina mbegu. Mwenye msumeno haulizi jinsia ya mti. Huchagua shina nene lililonyooka.

Tunda likiiva, kazi huhamia kwa popo wakubwa walao matunda, pamoja na ndege na kindi. Utafiti uliofanyika Ghana umeonyesha jinsi popo wanavyozisafirisha mbegu za mvule na kuzidondosha mbali na mti mama, mahali zinapoweza kuota. Mbegu hizo ni ndogo mno. Kilo moja hubeba mamia ya maelfu. Popo anachukiwa na wenye maembe, na pengine ana makosa yake, lakini Muheza isingekuwa na mivule mashambani bila yeye.

Mbegu ikishaanguka inadai jua. Mche wa mvule hauvumilii kivuli kizito cha msitu mnene; hustawi penye uwazi, ukingoni mwa msitu, katika mahame, katika shamba lililopumzishwa. Kwa sababu hiyo mti huu, ambao watu wengi wanaufikiria kuwa wa porini, kwa tabia yake ni jirani wa mkulima. Shamba la michungwa lenye nafasi na mwanga laweza kuufaa kuliko kilindi cha hifadhi. Anayetaka kujua mvule wa kesho utatoka wapi aangalie mashambani, Mtindiro na Ngomeni na vijiji vya chini ya Amani, kabla ya kuangalia kwingine.

Swali la haraka ni kwa nini usipandwe kwa mistari, ekari kwa ekari, kama msaji. Misaji ipo Muheza: shamba la miti la Serikali la Longuza lilianza miaka ya 1950, na leo mti huo wa asili ya India na Burma umekuwa mali kubwa wilayani. Mvule ulikataa njia hiyo. Kuna mdudu mdogo, jamii ya Phytolyma, anayetaga mayai kwenye machipukizi yake. Watoto wa mdudu huingia ndani ya jani na kikonyo, mti unavimba vinundu, vinundu vinapasuka na kuoza, na ncha ya mche hufa. Miche ikikusanywa mahali pamoja, mdudu huyo hupata karamu na shamba zima hudumaa. Wataalamu wa misitu wamekutana na kikwazo hicho Afrika Magharibi na Mashariki kwa muda mrefu. Miche iliyotawanywa katikati ya mimea mingine hushambuliwa kidogo zaidi na hupona. Kwa maneno mengine, mpangilio unaoufaa mvule ni ule ule wa shamba mseto la Mbondei wa Muheza: mnazi hapa, mchungwa pale, mihogo chini, na mti mmoja mrefu kila baada ya hatua nyingi.

Juu ya mbao yake hakuna haja ya maneno mengi, maana kila nyumba ya pwani inaijua. Ikipasuliwa leo ni ya manjano. Ikikaa hewani inageuka kahawia. Kiini chake mchwa hawakiwezi na maji hayakiharibu upesi, ndiyo maana huenda kwenye milango, fremu, vitanda, makabati na vyombo vya majini. Huko Uganda mafundi wa mashua za Ziwa Victoria wameutegemea kwa vizazi. Mafundi wa kupasua mbao wanajua pia ubaya wake. Ndani ya shina hukutwa mawe magumu ya chokaa, yaliyojengwa na mti wenyewe, na msumeno ukiyagonga meno yake huisha. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Seremala anayepiga randa mbao hiyo siku nzima bila kitambaa puani anajidhuru.

Mawe hayo yana habari nyingine. Watafiti waliofanya kazi Ivory Coast waligundua kwamba mvule, ukisaidiwa na kuvu na bakteria, huchukua kaboni ya hewani na kuigeuza kuwa chokaa ndani ya shina na katika udongo unaouzunguka, hata udongo uliokuwa na tindikali nyingi ukapoa. Chokaa hiyo hukaa ardhini muda mrefu sana baada ya majani na matawi kuoza. Dunia inayotafuta kila namna ya kuzuia hewa ya ukaa ingepaswa kuwa na hamu na mti wa aina hii, na wilaya inayoumiliki ingepaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Waganga wa mitishamba wametumia gome lililochemshwa kwa kikohozi na maumivu ya kiuno, na utomvu kwa uvimbe. Matumizi hayo yameandikwa katika nchi nyingi za Afrika, ingawa hayampi mtu ruhusa ya kuacha kwenda hospitali. Miti mikubwa ya namna hii, kuanzia misitu ya jadi ya Wazigua wa Handeni hadi kaya za Wadigo upande wa Kwale, ilipata pia ulinzi wa heshima: penye matambiko shoka halikuingia. Heshima hiyo ilifanya kazi ambayo leo imeachiwa afisa misitu na nyundo yake ya kugongea magogo muhuri.

Historia ya ukataji katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Amani ipo, ni ndefu na si ya kujivunia. Wakati wa Wajerumani, reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza reli ndogo ya Sigi ilijengwa kutoka Tengeni kwenda chini ya Amani, mzigo wake mkubwa ukiwa magogo. Baada ya uhuru viwanda vya mbao vya Tanga viliendelea kuvuna milimani, na katika miaka ya 1970 na 1980 mitambo iliyoletwa kwa msaada wa Finland iliongeza kasi, hadi kelele za wanasayansi na wananchi zikausimamisha uvunaji huo wa mitambo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hatua hiyo ilikuwa sahihi na inastahili kulindwa. Lakini mpaka wa hifadhi ulichorwa kuzunguka msitu. Mivule ya mashambani ilibaki nje.

Huko nje mvule una ulinzi wa karatasi. Ni miongoni mwa miti ambayo sheria inakataza kuikata bila kibali, hata ukiwa umesimama katikati ya michungwa ya mtu. Kwa mti ulio mkubwa tayari, katazo hilo lina maana. Kwa mche wa kimo cha goti, lina madhara. Mkulima anauona, anahesabu: utanyonya maji ya michungwa yake, utaweka kivuli, siku ukianguka utavunja paa, na siku ya kuuvuna atahitaji leseni, ushuru, muhuri wa nyundo na hati ya kusafirishia, mambo ambayo mfanyabiashara wa mjini anayaweza na yeye hayawezi. Basi anaung'oa akingali anaweza kuung'oa kwa mkono mmoja. Hakuna anayemwona, na hakuna sheria iliyovunjwa ambayo mtu ataishtaki. Anayeachia mti ukue, mara nyingi huishia kuuuza ukiwa umesimama, kwa bei ya kutupa, kwa yule mwenye karatasi.

Serikali nayo haifaidiki kama inavyodhani. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007, iliyochunguza biashara ya magogo kusini mwa Tanzania, ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa ulipotea. Hapo walikuwapo maafisa, vizuizi vya barabarani na vitabu vya stakabadhi.

Pwani ina utaratibu wake mkongwe unaoweza kutoa jibu. Mnazi una mwenyewe. Mkarafuu una mwenyewe. Mtu anaweza kumiliki minazi katika kiwanja kisicho chake, akairithisha, akaiweka rehani, na kila jirani anajua mstari unaishia wapi. Serikali yenyewe inaukubali utaratibu huo inapolipa fidia: watu wa Derema walipoachia mashamba yao ili misitu ya Usambara Mashariki iunganishwe, mazao yao yalihesabiwa na kulipwa. Mvule ulioota shambani na kulelewa miaka 40 hauna sababu ya kuwa chini ya mnazi. Uandikwe jina la aliyeulea, urithiwe na wanawe, na siku ya kuvunwa sehemu kubwa ya fedha imwendee yeye, Serikali ikichukua ushuru wake wa haki.

Wapo wenye hofu kwamba ruhusa hiyo itakuwa mlango wa wezi: gogo litatoka hifadhini usiku na asubuhi litaitwa la shambani. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni daftari. Mti uliosajiliwa ukiwa mche, ukapimwa unene kila baada ya miaka michache, una kisiki kinachoweza kukaguliwa. Gogo lisilo na kisiki katika daftari ni la wizi. Vijiji vya Kilwa vimethibitisha kuwa wananchi wanaweza kutunza hesabu za namna hii. Vikifanya kazi na shirika la kuhifadhi mpingo, viliingia mwaka 2009 katika cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, na vikauza miti yao vyenyewe. Waliokuwa wakiangalia malori yakipita wakawa wanalinda msitu, kwa kuwa sasa una thamani mfukoni mwao.

Muheza yaweza kuanza bila kusubiri Bunge libadilishe Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Halmashauri za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na daftari la miti si jambo la gharama. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) inaweza kuchagua kata chache za majaribio na kufupisha njia ya kibali kwa mivule iliyosajiliwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI) ina kituo cha utafiti wa ukuzaji miti Lushoto, mwendo wa saa chache, ambacho kingeweza kupima mvule katika mashamba ya machungwa na kuwaambia wakulima umbali ufaao. Na sharti moja lisijadiliwe: kila kijiji kibakize majike kadhaa na madume kadhaa ambayo hayatakatwa kwa bei yoyote, na mwenye shamba lenye mti wa mbegu alipwe kila msimu kwa mbegu zake.

Kuotesha kwenyewe ni kazi nyepesi kuliko iliki. Matunda yaliyoiva huokotwa chini ya jike, hulowekwa, hukamuliwa majini, mbegu huchujwa na kuanikwa kivulini. Zisicheleweshwe, kwa kuwa uwezo wake wa kuota hupungua upesi. Vipande vya mizizi navyo huchipua. Mahali pa kupanda pia papo: michungwa mingi ya wilaya imezeeka na inang'olewa, na kila shimo linaloachwa na mchungwa mzee lina jua la kutosha juu yake na miti mingine pembeni ya kumpoteza mdudu.