UCHAMBUZI: Rubani wa ndege ya kujifurahisha, je, ni lazima apimwe na munganga?

Huko Marekani, mwenye ndege yake ndogo anaweza kuruka siku ya posho na familia yake bila cheti cha afya cha munganga wa anga. Tangu 2004, kwa ndege nyepesi kabisa, permi ya kuendesha gari inatosha. Tangu tarehe 1 mwezi wa tano 2017, sheria inayoitwa BasicMed imefungua mlango zaidi: rubani anapimwa na munganga yeyote mwenye kibali cha serikali mara moja kila miaka 4, na anafuata somo kwenye intaneti kila miaka 2. Uingereza nayo, tangu 2016, inamruhusu rubani wa namna hiyo kutia sahihi kwamba afya yake ni nzuri.

Wanaounga mkono wanasema ajali nyingi za ndege ndogo zinatokana na makosa ya uendeshaji, hali mbaya ya hewa au mafuta kuisha. Rubani kuzimia angani ni jambo la nadra. Uchunguzi wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, haukuona tofauti ya hatari ya ajali kati ya marubani wa BasicMed na wenye cheti cha kawaida.

Lakini tusisahau: BasicMed inamhitaji rubani awe aliwahi kupata cheti cha kawaida, baada ya katikati ya mwezi wa saba 2006. Hivyo, waliochunguzwa ni watu waliokwisha kupita kwenye chujio angalau mara moja.

Tena, cheti peke yake hakilindi. Tarehe 24 mwezi wa tatu 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliangusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alpes, Ufaransa, watu 150 wakafa. Cheti alikuwa nacho. Waganga walikuwa wamemwandikia apumzike kazi, yeye akaficha. Anayeogopa kunyang'anywa permi hunyamaza juu ya ugonjwa wake.

Hayo yanatuhusu nini sisi wa Kivu na Ituri? Kwetu ndege ndogo si mchezo. Ndiyo barabara ya Shabunda na Walikale. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, Dornier 228 iliangukia nyumba za Mapendo, mjini Goma. Zaidi ya watu 20 walikufa, wakiwemo waliokuwa kwao nyumbani. Ile ilikuwa ndege ya biashara, na hatusemi kwamba afya ya rubani ndiyo ilikuwa chanzo. Inatukumbusha tu kwamba aliye chini hakuchagua hatari hiyo. Mwenye ndege ya kujifurahisha anaweza kusema maisha ni yake, lakini paa anayoruka juu yake si lake.

Kanuni za kimataifa, ambazo RDC imezikubali, bado zinadai cheti kwa kila rubani binafsi. Nje ya Marekani, BasicMed inafaa tu kwa nchi zilizoikubali, kama Bahamas.

Kwa maoni yetu, RDC isikimbilie kulegeza. Marekani ililegeza ikiwa na waganga karibu na wakaguzi wa kutosha. Kinachofaa kuigwa ni kimoja: munganga awe karibu, na rubani anayesema ukweli atibiwe arudi kazini, asiadhibiwe. Karatasi bila ukweli haimsaidii mtu wa Mapendo.