Mfanyabiashara wa Lushoto hahitaji seva

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaosoma kompyuta na biashara. Tukisikia "huduma za wingu", akili inakimbilia kukodi seva. Mteja hajamaliza kueleza shida yake, tayari tumeshamchorea mfumo mzima. Msimamo wangu ni huu: kwa biashara nyingi za Lushoto, kukodi seva ni kumbebesha mtu lumbesa asiyoiomba.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilizigawa huduma hizi katika aina tatu: IaaS, PaaS na SaaS. Majina yanatisha, lakini aliyewahi kukodi shamba huku Usambara ataelewa haraka.

IaaS ni kukodi shamba tupu bondeni. Ardhi ipo, maji yapo, ila kulima, kupanda, kupalilia na kupiga dawa ni juu yako. Unapewa seva na nafasi ya kuhifadhi. Mfumo endeshi, masasisho, ulinzi na nakala za akiba utajijua mwenyewe. PaaS ni shamba lililokwisha kulimwa na kuchimbiwa mfereji: wewe unaleta miche tu, yaani programu uliyoiandika. SaaS ni kwenda sokoni Soni ukanunua kabichi iliyokomaa. Unafungua programu, unalipia kwa mwezi, unapiga kazi. Gmail tunayoitumia kila siku iko kundi hili.

Sasa mchukue mama anayekusanya karoti na viazi Lukozi na kupeleka Kariakoo. Shida yake ni kujua nani kaleta magunia mangapi, nani kalipwa na nani bado anadai. Leo kumbukumbu hizo ziko kwenye daftari na WhatsApp. Daftari likilowa au simu ikiibwa, deni linageuka ugomvi. Ukimkodishia seva, nani ataisasisha wewe ukisharudi chuo? Huyu anahitaji SaaS: programu ya mauzo iliyo tayari, anayoweza kuiendesha kwa simu. Mwenye nyumba ya wageni naye vilevile.

PaaS ina mahali pake. Vijana wanne wakitaka kuwaandikia wakulima wa mboga programu ambayo haipo sokoni, waitumie, wasipoteze usiku wakihangaika na seva. Na IaaS iachiwe taasisi kubwa yenye mfumo wake wa zamani na wataalamu wanaolipwa mshahara kuulinda.

Wapo watakaosema SaaS ni utumwa: bei ikipanda, umenaswa. Hoja ina uzito, siibezi. Ndiyo maana kabla mteja hajalipa hata senti, tumsaidie kuuliza maswali matatu. La kwanza: naweza kutoa taarifa zangu zote, mfano kwa faili la Excel, siku nikitaka kuhama? Kama jibu ni hapana, aachane nayo. La pili: intaneti ikikata, kazi inaendelea? Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti iliyumba nchi nzima. Gari la mboga halisubiri nyaya zitengenezwe. Programu ipokee kumbukumbu bila mtandao, kisha izipandishe mtandao ukirudi.

La tatu: taarifa za wateja zinakaa wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Seva nyingi za makampuni makubwa ziko nje, zilizo karibu kidogo zikiwa Afrika Kusini. Mwenye nyumba ya wageni anayetunza majina na namba za pasi za wageni hawezi kusema hayamhusu.

Wasomi wenzangu, tukienda fildi tunapenda kuacha kitu kikubwa cha kupigia picha. Lakini ukiondoka, bili ya dola inabaki kwa mtu anayehesabu faida kwa gunia. Kaa naye siku mbili gulioni kwanza, soma daftari lake, ndipo ufungue kompyuta yako. Akiishia kutumia programu ya watu wengine badala ya ile uliyotaka kumwandikia, bado umefanya kazi yako.