Leseni anayo, ruhusa ya kusafiri hana

Sisi wa Pwani, Kakuma si jina geni kwetu. Kambi za wakimbizi za Mombasa, kama Utange, zilipofungwa miaka ya 1990, baadhi ya majirani zetu kutoka Somalia walihamishiwa huko. Leo Kakuma ni soko: utafiti wa IFC wa mwaka 2018 ulitaja maduka zaidi ya 2,000.

Tatizo ni kwamba mkimbizi hulipia leseni ya kaunti, lakini ili kwenda kuchukua bidhaa kwa bei ya jumla Lodwar, kama kilomita 120, kwa kawaida anahitaji kibali cha kutoka kambini. Asipokipata humtuma mtu, na mtu huyo naye ana chake. Gharama hiyo humwangukia mteja anayengoja mgao. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2025, mwenye duka aliyekopesha alibaki na daftari la madeni.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa haki ya kufanya kazi. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi kuzigeuza kambi kuwa miji. Mimi nauliza: mji gani ambao mfanyabiashara wake haruhusiwi kufuata mzigo?

Wapo wanaohofia kuwa mgeni atamnyang'anya Mturkana riziki. Naona kinyume. Mkimbizi akifika Lodwar mwenyewe, muuzaji wa jumla na mwenye lori wa huko watapata zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na aachwe aje.